Damu imesema nini? Maswali yenu kuhusu vipimo vya UVIKO-19 na mafua makali

Toleo lililopita tulidokeza kwamba kuna vipimo vya damu vinavyosaidia kukisia ni mgonjwa yupi wa UVIKO-19 atazidiwa na yupi atapona nyumbani. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko kurasa zetu. Tumechagua saba.

Baba yangu ana miaka 68 na ana kisukari. Siku ya sita ya UVIKO-19 alikuwa anatembea, anakula, anawatania wajukuu. Tulimpeleka kupima tu, daktari akamlaza papo hapo. Amepona, tunashukuru, ila karatasi ya majibu siielewi: chembe nyeupe 7.8, limfosaiti 9%, nyutrofili 86%, CRP 86, feritini 1,150, D-dima 1.4, urea 8. Oksijeni ilikuwa 91 na pumzi 24 kwa dakika. Kweli ilikuwa lazima alazwe?
*Kijana wa Morogoro*

Ilikuwa lazima, na hata bila damu ingekuwa lazima. Oksijeni 91 mtu akiwa ametulia, pamoja na pumzi 24 kwa dakika, vinatosha kumlaza mzee wa miaka 68. Ugonjwa huu una tabia ya kushusha oksijeni bila mgonjwa kuhisi kwamba anakosa hewa, ndiyo maana mzee alikuwa bado ana nguvu za utani. Damu ilikuja kueleza jambo la pili: mapafu yanaelekea wapi.

Tuisome karatasi yako. Chembe nyeupe 7.8 (bilioni kwa lita) ni kiwango cha kawaida kabisa, na wengi huishia hapo wakafurahi. Lakini zidisha 7.8 kwa 9, gawa kwa 100, unapata limfosaiti 0.7. Maabara nyingi huweka kikomo cha chini cha mtu mzima kwenye 1.0. Limfosaiti ndizo askari wanaoshughulika na virusi, na zinaposhuka chini ya 0.8 katika wiki ya kwanza ni dalili mbaya. Fanya hesabu hiyohiyo kwa nyutrofili, chembe nyeupe zinazoshughulika zaidi na bakteria: 7.8 mara 86 gawa kwa 100 ni 6.7. Sasa gawanya 6.7 kwa 0.7, unapata kama 9.6. Uwiano huu kwa mtu mzima asiyeumwa huwa kati ya 1 na 3. Hauhitaji mashine mpya wala shilingi ya ziada, umo ndani ya picha kamili ya damu ambayo hata hospitali ndogo hufanya. Inashangaza ni mara ngapi hakuna anayeukokotoa.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini likipata ishara ya mchochota, yaani ule moto wa kinga ya mwili. Kawaida iko chini ya 5 au 10 mg kwa lita, kutegemea maabara. Ikifika 86, moto umeshashika. Feritini ni ghala la madini ya chuma ambalo nalo hupanda mchochota ukikolea. 1,150 ni juu sana kwa mwanamume, ila peke yake ni shahidi dhaifu. D-dima ni vipande vinavyobaki mwili unapoyeyusha damu iliyoganda, na kikomo cha kawaida ni 0.5. Machi 2020 madaktari wa Wuhan walichapisha taarifa ya wagonjwa 191 waliolazwa, 54 kati yao wakiwa wamefariki, na D-dima iliyozidi 1 siku ya kulazwa ilikuwa miongoni mwa alama zilizohusishwa kwa nguvu na kifo, pamoja na umri mkubwa.

Daktari makini hatazami namba moja moja, hujumlisha. Kuna kipimo cha alama kiitwacho 4C, kilichotungwa Uingereza mwaka 2020 kwa wagonjwa waliokwisha kulazwa. Kwa baba yako kinakwenda hivi: miaka 60 hadi 69, alama 4, mwanamume, 1, ugonjwa sugu mmoja, 1, pumzi 20 hadi 29, 1, oksijeni chini ya 92, alama 2, fahamu timamu, 0, urea (taka inayotolewa na figo) kati ya 7 na 14, 1, CRP kati ya 50 na 99, 1. Jumla 11 katika 21. Kundi la alama 9 hadi 14 lilipoteza wagonjwa kama 31 katika kila 100. Usiichukue namba hiyo kama hukumu ya leo. Ilitoka kwa watu wa wimbi la kwanza, kabla ya chanjo. Mpangilio wake ndio unaobaki na maana: mwenye alama 11 hafai kubaki nyumbani.

Siku nayo ina uzito. Wanaozidiwa kwa UVIKO-19 wengi huzidiwa kuanzia siku ya saba hadi ya kumi tangu dalili zianze. Damu nzuri ya siku ya pili haimhakikishii mtu siku ya nane. Baba yako alipimwa mlangoni kabisa mwa kipindi hicho.

Kuna faida nyingine iliyo wazi zaidi. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni, mg 6 kwa siku kwa siku zisizozidi 10, huokoa maisha ya wagonjwa wanaohitaji oksijeni. Utafiti huohuo ulipojaribu tosilizumabu, dawa inayokata ishara ya mchochota, uliwachukua wenye oksijeni chini ya 92 au waliokuwa tayari wamewekewa oksijeni, na CRP ya 75 au zaidi. Hapo namba ya damu ilikuwa ufunguo wa dawa. Kwa wasiohitaji oksijeni deksamethasoni haikuonyesha faida, na hesabu zilielemea upande wa madhara. Kwa hiyo wale wanaoinunua duka la dawa "kuzuia isizidi", tena wakiwa na sukari kama mzee wako, wanajitafutia matatizo.

Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya. Tunatuma sampuli maabara ya wilaya kwa bodaboda, mwendo wa saa moja na nusu. Mara zinarudishwa kwamba chembe zimepasuka, mara tyubu ya bluu haikujaa. Nyingine zinapokelewa lakini majibu hayafanani na mgonjwa. Tunakosea wapi?
*Muuguzi, Kanda ya Ziwa*

Dada muuguzi (au kaka, hukusema), makosa mengi hutokea kabla sampuli haijapanda bodaboda. Twende kwa mpangilio wa mkono wako.

Funga mpira mkononi usizidi dakika moja. Mgonjwa asikunjekunje ngumi. Tumia sindano ya geji 21. Geji 23 ibaki kwa mishipa midogo. Acha spiriti ikauke kwanza, maana ikiingia na damu hupasua chembe. Kama unatumia bomba la sindano, vuta polepole. Kuvuta kwa nguvu, kisha kuisukuma damu kupitia sindano ileile kwenye tyubu, ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kupasua chembe nyekundu. Anayeumia zaidi hapo ni LDH. Kimeng'enya hiki kimejaa ndani ya chembe nyekundu, zaidi ya mara 100 ya kilichomo kwenye seramu (maji yanayobaki damu ikiganda), hivyo chembe chache zikipasuka LDH inaruka na mgonjwa wa kawaida anaonekana mahututi. Potasiamu nayo hupanda.

Mpangilio wa tyubu: bluu (ya D-dima) kwanza, kisha njano au nyekundu (za seramu), zambarau (ya picha kamili ya damu) mwisho. Ndani ya zambarau kuna EDTA, kizuia kuganda chenye potasiamu. Ukianza nayo halafu ukahamia njano, mabaki yake huongeza potasiamu na kushusha kalsiamu, na mtu anaweza kutibiwa moyo ambao hauna shida.

Tyubu ya bluu ya ml 3 ina ml 0.3 za sitreti (nayo huzuia damu kuganda) na inasubiri ml 2.7 za damu, uwiano wa moja kwa tisa. Ukiijaza nusu, sitreti inazidi, plasma (maji ya damu isiyoganda) inachujuka na D-dima inasomeka chini kuliko ilivyo. Hilo ni kosa baya kuliko kurudishiwa sampuli, kwa sababu linatuliza watu bure. Ukitumia sindano ya kipepeo, ule mrija wake una hewa inayokula nafasi ya damu katika tyubu ya kwanza: chota kidogo kwenye tyubu ya kutupa, ndipo uweke bluu.

Pindua, usitikise. Bluu mara 3 au 4, njano mara 5, zambarau mara 8 hadi 10. Zambarau isipopinduliwa huganda vipande vidogo usivyoviona; mashine inahesabu chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) chache, na mgonjwa anaandikiwa tatizo asilokuwa nalo.

Sasa safari. Tyubu ya njano isimamishwe dakika 30 igande, kisha seramu itenganishwe ndani ya saa 2. Mwendo wenu wa saa moja na nusu, pamoja na kusubiri pikipiki, unazivuka saa hizo, na mitikisiko ya barabara ya vumbi inamalizia kazi. Kama kituo kina sentrifuji, hata ile ndogo ya tyubu sita, zungusheni hapohapo na mtume seramu. Kama hamna, chukueni damu pikipiki ikiwa imeshafika. Bluu nayo ifike mapema, lengo lenu liwe ndani ya saa 4. Seramu ya LDH msiiweke kwenye barafu: baadhi ya aina zake huharibika kwa baridi, ikae joto la chumba.

Jambo la mwisho kwenye fomu: andikeni saa ya kuchukua damu, siku ya ngapi ya dalili, na kama mgonjwa ameshapewa deksamethasoni. Dawa hiyo hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti hata kwa mtu anayepata nafuu. Asiyejua ataisoma kama hali imechafuka. Ikiwezekana damu ya kwanza itangulie dozi ya kwanza, ila msicheleweshe dawa ya mwenye shida ya pumzi kwa ajili ya tyubu.

Maabara moja imenipa D-dima 0.6, nyingine kesho yake 300. Ipi tapeli?
*Msomaji, Mombasa*

Huenda hakuna tapeli. Tazama kizio kilichoandikwa pembeni. Kuna maabara zinazotoa jibu kwa mg kwa lita na nyingine kwa ng kwa ml, 0.6 ya kwanza ni sawa na 600 ya pili. Halafu kuna herufi FEU na DDU, njia mbili za kuhesabu vipande vilevile, ambapo FEU hutoa namba kama maradufu ya DDU. Kwa hiyo 0.6 mg kwa lita FEU ni 600 ng kwa ml FEU, ambayo ni karibu 300 ng kwa ml DDU. Ni jibu moja lililovaa nguo mbili: kikomo cha kwanza ni 0.5, cha pili ni kama 250, na kote umevuka kidogo. Kama herufi hizo hazipo kwenye karatasi yako, rudi ukaziulize. Jibu lisilo na kizio ni namba tupu. CRP ina mtego kama huo: 8.6 mg kwa desilita ni 86 mg kwa lita.

Nina mafua na homa siku ya tatu, kipimo cha UVIKO-19 kimeonyesha ninao. Nina miaka 31, sina ugonjwa mwingine. Kuna maabara inauza "kifurushi" cha CRP, feritini, D-dima, LDH na interlukini-6. Nilipie?
*Msomaji, Kigamboni*

Weka pesa yako. Kwa kijana mwenye oksijeni nzuri, vipimo hivi huleta namba zilizopanda kidogo, ambazo ndizo za kawaida kwa mtu mwenye homa, kisha hofu, kisha vipimo vingine vya kufuatilia hofu. Interlukini-6, mojawapo ya ishara za mchochota, ni ghali na haitabadilisha chochote utakachofanya.

Oksimita ya kidoleni itakufaa zaidi. Kaa utulie dakika tano, mkono uwe na joto, kucha bila rangi wala hina, subiri namba itulie kama nusu dakika. Pima asubuhi na jioni, hasa siku ya tano hadi ya kumi. Ikiwa 94 au chini, nenda hospitali. Ikiwa chini ya 90, nenda mbio. Na hapa kuna jambo linalotuhusu hasa sisi: oksimita humpendelea mtu mweusi kwa uongo. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulitazama wagonjwa ambao kifaa kiliwasoma 92 hadi 96. Damu ya ateri ilipopimwa, 11.7% ya Weusi walikuwa chini ya 88, dhidi ya 3.6% ya Wazungu. Kwa hiyo 95 inayoshuka kila siku, ukiwa unahema, usiibembeleze. Kama kupanda ngazi za nyumbani kunakuacha ukihema kuliko jana, hiyo inazidi kifurushi chochote.

Nafanya kazi hospitali ya kaunti pwani. Wagonjwa wetu wana malaria, VVU, selimundu, wengine ni wajawazito. Vikomo vya Wuhan na London vinatufaa kweli?
*Tabibu, Kilifi*

Vinafaa kwa tahadhari, na swali lako ndilo tungependa liulizwe kila wodi.

Anza na malaria. Huweza kuvusha CRP 100 bila msaada wa virusi vyovyote, hushusha chembe sahani na hupandisha LDH kwa sababu chembe nyekundu zinapasuka. Kwa mwenye homa huko kwenu, kipimo cha haraka cha malaria kitangulie kabla hujaitafsiri CRP. Mwenye VVU anaweza kuwa na limfosaiti 0.8 tangu mwaka jana. Tafuta karatasi yake ya kliniki ulinganishe. Na CRP yake ikiwa juu, kumbuka kifua kikuu: tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza CRP inayozidi 5 itumike kuchuja TB kwa watu wanaoishi na VVU. Ndiyo kusema namba hiyohiyo unayoisoma kama UVIKO-19 mwenzako wa kliniki ya jirani anaisoma kama sababu ya kuomba makohozi.

Mgonjwa wa selimundu huishi na LDH na D-dima za juu hata siku zake nzuri. Kikomo chake ni rekodi yake mwenyewe ya siku asizoumwa. Kwa mjamzito D-dima hupanda kadiri mimba inavyokua, na miezi mitatu ya mwisho wengi huvuka 0.5 wakiwa wazima. Mwenye figo mbovu hupandisha D-dima, troponini (alama ya moyo kuumia) na prokalsitonini (alama ya bakteria). Mwenye ini lililochoka hufanya kinyume: CRP hutengenezwa na ini, hivyo inaweza kubaki chini wakati mtu anateketea.

Lipo na lile lisilosemwa sana, la nyutrofili. Waafrika wengi wana nyutrofili chache kwa kuzaliwa, 1.0 hadi 1.5, bila ugonjwa wowote. Jambo hili limefungamana na kukosekana kwa alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, urithi uleule unaotukinga na malaria ya vivax. Kwa mtu wa namna hiyo uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti huanzia chini. Kikomo cha uwiano cha 3 kilichotokana na wagonjwa wa China kinaweza kumkosa mgonjwa wako akiwa ameshapanda mara tatu ya hali yake.

Kwa hiyo mpime mara mbili, kwa kutengana saa 48. CRP iliyokwenda kutoka 40 hadi 110 inasema zaidi ya 110 iliyosimama peke yake, haijalishi malaria imechangia ngapi. Kupima kila siku hakuna tija: hata ini likiacha kabisa kuitengeneza, CRP hupungua kwa nusu baada ya kama saa 19. Na aliyepewa tosilizumabu, CRP yake usiiamini tena kwa wiki kadhaa, kwa kuwa dawa imekata ishara inayoamrisha ini.

Mume wangu alikuwa na UVIKO-19, CRP 120, akaandikiwa antibiotiki tatu. Daktari mwingine akasema hazikuhitajika. Nani mkweli?
*Mama, Arusha*

Mama, CRP 120 haitofautishi virusi na bakteria katika ugonjwa huu. UVIKO-19 yenyewe huifikisha hapo. Wanaofika hospitali wakiwa na bakteria juu ya kirusi hiki ni wachache, chini ya 10 katika 100. Prokalsitonini husaidia kiasi: chini ya 0.25 ng kwa ml bakteria hawatarajiwi sana, ikizidi 0.5 daktari huwatafuta. Azithromaisini, iliyogawiwa kama peremende kipindi kile, ilijaribiwa katika RECOVERY na haikupunguza vifo. Ila homa iliyokwisha ikarudi siku ya saba na makohozi ya usaha, au chembe nyeupe zilizoruka kutoka 6 hadi 18 bila deksamethasoni, ni sababu halali ya antibiotiki. Moja iliyochaguliwa vizuri, lakini. Tatu kwa pamoja zinahitaji maelezo.

Mwanangu wa miezi minane ana kikohozi na mafua, anapiga miluzi kifuani. Nimuombee CRP?
*Mama Junior, Muscat*

Kwa umri huo kifua cha miluzi mara nyingi ni kirusi cha RSV au ndugu zake, na CRP haitakwambia kama atazidiwa. Hesabu pumzi. Mtoto awe ametulia, hajalia wala kunyonya dakika hiyo, mfunue tumbo, tazama saa dakika nzima, siyo nusu dakika ukazidisha kwa mbili, kwa sababu watoto hupumua kwa mapigo yasiyo sawa. Kwa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Chini ya miezi 2 kikomo ni 60, na mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Akivuka, rudia kuhesabu mara moja, kisha mpeleke. Usisubiri kuhesabu kabisa kama ngozi chini ya mbavu inaingia ndani akivuta pumzi, akigumia, akishindwa kunyonya, akilegea au midomo ikibadilika rangi. Nepi kavu kwa saa sita hadi nane nayo umwambie daktari, kwa sababu kwa watoto wa umri huu wengi hulazwa kwa kushindwa kunywa kabla ya kushindwa kupumua.